MTIHANI WA UHASIBU: KUSOMA PEKE YAKE HAKUTOSHI

Mali bila daftari hupotea bila habari. Kila mtu mwenye duka, shamba au chama ameisikia methali hii ya wazee, wala haihitaji kufafanuliwa. Lakini daftari haliwezi kujiandika lenyewe. Lataka mtu, na mtu huyo lazima awe amethibitishwa kwamba kazi yake aiweza. Wakulima elfu moja wa kahawa hawawezi kuketi pamoja kila mwisho wa mwaka na kuzihesabu fedha zao shilingi kwa shilingi. Humwachia mtu mmoja kazi hiyo, nao huliamini neno lake kwa kuwa amepimwa na watu wasio ndugu zake wala rafiki zake. Kipimo hicho ndicho mtihani wa uhasibu.

Katika Kenya mtihani wa kazi hii unaojulikana zaidi ni ule uitwao CPA. Wanaoufanya ni watu wa namna nyingi: vijana waliomaliza shule ya sekondari juzi, makarani wa maduka na wa vyama vya ushirika, walimu, na watumishi wa serikali za kaunti wanaotaka kupanda cheo. Ada hulipwa kwa jasho. Mara nyingine ng'ombe ameuzwa, au sehemu ya mshahara imewekwa kando kwa miezi kadha. Kwa hiyo mtu akianguka, hasara si yake peke yake, bali ni ya nyumba nzima. Na jambo la kusikitisha ni kwamba si wote wanaoanguka walio wavivu. Wako waliokesha wakisoma vitabu mwanzo hadi mwisho, wakaingia katika chumba cha mtihani kwa moyo mkunjufu, na bado wakaanguka. Yafaa kuijua sababu yake.

BODI NA TAASISI

Zamani mtu wa Kenya aliyetaka kuwa mhasibu kamili alitegemea mitihani ya vyama vya wahasibu vya Uingereza. Tarehe 24 Julai 1969, wakati Uhuru ulikuwa haujatimiza miaka sita, serikali iliunda bodi ya mitihani ya nchi yenyewe, nayo hujulikana kwa jina la KASNEB. Mwaka 1977 Sheria ya Wahasibu ilitungwa, na mwaka 1978 ikaanzishwa taasisi ya wahasibu iitwayo ICPAK. Sheria hiyo baadaye iliondolewa, na mahali pake ikawekwa Sheria ya Wahasibu ya mwaka 2008.

Watu wengi huchanganya kazi za vyombo hivi viwili. Bodi hutunga mitihani, huisahihisha na kutoa vyeti. Taasisi huwaandikisha wahasibu na kuangalia mwenendo wao. Mtu aliyefaulu mtihani bado hana ruhusa ya kujiita mhasibu wa CPA(K) mpaka awe mwanachama wa taasisi. Naye akitaka kufungua ofisi yake mwenyewe na kukagua hesabu za watu, lazima apate leseni nyingine kwa kazi hiyo. Mtihani, basi, ni mlango wa kwanza. Lakini hakuna apitaye kwingine bila kupita hapo.

MAMBO YANAYOPIMWA

Mtaala uliotolewa mwaka 2021 uliugawa mtihani katika ngazi tatu: ya msingi, ya kati na ya juu. Katika ngazi ya msingi mwanafunzi hupimwa uandishi wa hesabu za fedha, sheria, uchumi, mawasiliano na hesabu za takwimu. Katika ngazi ya kati hukutana na sheria za makampuni, usimamizi wa fedha, utayarishaji wa taarifa za fedha, ukaguzi, hesabu za kuwaongoza mameneja, na fedha za umma pamoja na kodi. Ngazi ya juu huyachukua mambo hayo na kuyatia uzito zaidi, nayo humtaka mwanafunzi atoe shauri kama mtu aliye kazini.

Kijana aliyepata wastani wa C+ katika mtihani wa KCSE aweza kuingia. Asiyefika hapo aweza kuanza na stashahada ya mafundi wa hesabu, iitwayo ATD, kisha akapanda kwa njia hiyo. Tarehe za kujiandikisha na kiasi cha ada hubadilika, kwa hiyo haifai kutegemea maneno ya rafiki aliyefanya mtihani miaka iliyopita. Matangazo ya bodi yenyewe ndiyo ya kutazamwa.

Kwa kawaida karatasi moja hufanywa kwa saa tatu, na anayepata alama 50 kati ya 100 amefaulu. Watu huziona alama hizo kuwa chache. Lakini saa tatu nazo ni chache, na hapo ndipo wengi hujikwaa.

KUSOMA SI KUWEZA

Mfano mmoja utaonyesha jambo hili. Chama cha ushirika kimenunua mashine ya kumenya kahawa kwa Sh. 600,000. Ilinunuliwa tarehe 1 Julai, na mwaka wa hesabu wa chama huisha tarehe 31 Desemba. Uchakavu wa mashine ni asilimia 10 ya bei yake kwa mwaka, na swali lasema uhesabiwe kwa miezi ambayo mashine imekuwapo. Uchakavu wa mwaka huo ni kiasi gani?

Mwanafunzi asomaye jibu katika kitabu huona kwamba asilimia 10 ya 600,000 ni 60,000, na kwa kuwa miezi ni sita, hugawanywa kwa mbili, ikawa Sh. 30,000. Kiasi hicho huandikwa upande wa kushoto wa akaunti ya gharama za uchakavu, na tena upande wa kulia wa akaunti ya uchakavu uliolimbikizwa. Mashine huonyeshwa katika mizania kwa Sh. 570,000. Mwanafunzi hutikisa kichwa na kusema, "Nimeelewa," kisha hufungua ukurasa mwingine.

Kweli ameelewa. Lakini mwezi mmoja baadaye, akiwekewa swali la namna hiyo pamoja na mambo mengine kumi, kalamu mkononi na saa ukutani, huandika Sh. 60,000 kwa kuwa hakuiona tarehe. Au hupata 30,000 sawasawa, kisha akasahau kuiandika mara ya pili, na urari wake ukakataa kulingana. Macho yalijifunza, mkono haukujifunza. Mtu hawezi kuwa fundi cherehani kwa kumtazama fundi akishona, hata akimtazama mwaka mzima. Uandishi wa hesabu ni kazi ya namna hiyo hiyo.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza ya kujitayarisha ni hii: kila mfano katika kitabu ufanywe kwa mkono, jibu likiwa limefunikwa kwa karatasi. Mwanafunzi akikwama afunue mstari mmoja tu, kisha aufunike tena na kuendelea. Kesho yake aufanye mfano ule ule bila kutazama kitu cho chote. Akiumaliza, hapo ndipo aweza kusema kwamba ameujua. Kazi hii huenda polepole, na mwanafunzi ataona wenzake wamemtangulia kurasa nyingi. Asihofu, maana kilichobaki mkononi ndicho kitakachompa alama.

KUGAWA MUDA WA SAA TATU

Saa tatu ni dakika 180. Alama 100 zikigawiwa dakika hizo, kila alama moja hupata dakika moja na sekunde 48. Ikiwa karatasi ina maswali matano yenye alama 20 kila moja, kila swali lina haki ya dakika 36 na si zaidi. Njia nzuri ni kuandika kila swali kwa dakika 32. Maswali matano yatachukua dakika 160, na zile 20 zitakazobaki zigawanywe: kumi za kusoma maswali kabla ya kuanza, na kumi za kupitia majibu mwishoni.

Mtu aweza kusema kwamba afadhali kuyamaliza maswali manne vizuri kuliko kuyagusa yote matano. Hesabu yakataa. Akiliacha swali moja, alama zilizobaki ni 80, naye bado anazihitaji 50. Yule aliyeyajibu maswali yote hutakiwa kupata alama 4 katika kila 8, lakini huyu atatakiwa kupata 5 katika kila 8. Amejiongezea mzigo mwenyewe. Tena alama za kwanza za swali ni rahisi kupatikana kuliko za mwisho. Anayeketi dakika 20 zaidi akitafuta kosa la Sh. 500 katika mizania isiyolingana, anatafuta alama moja au mbili, na huku anaziacha nyingine nyingi katika swali asilolifungua. Dakika zikiisha, aache nafasi katika karatasi yake na kwenda mbele. Akipata wasaa atarudi.

Jambo jingine ni kuonyesha njia. Watahini hawatazami tarakimu ya mwisho peke yake. Aliyeandika waziwazi "600,000 × 10% × 6/12" kisha akakosea kuzidisha, aweza kupata alama za njia yake. Aliyeandika jibu tupu lenye kosa hana la kumtetea. Kwa sababu hiyo kila hesabu ya pembeni iandikwe, ipewe namba, na ikae mahali pa kuonekana.

RATIBA YA MTU MWENYE KAZI

Wengi wa wanafunzi hawa wana kazi ya mchana na jamaa wa kutunza. Mtu wa namna hiyo hawezi kuiga ratiba ya kijana aliye chuoni, lakini muda aweza kuupata. Chukua mfano wa karani anayejitayarisha kwa karatasi tatu, naye ana majuma 16 mbele yake. Akiamka mapema na kufanya saa moja na nusu kila siku, Jumatatu hadi Ijumaa, amepata saa saba na nusu. Jumamosi akiongeza saa nne na nusu, juma moja lina saa 12. Kwa majuma 16 hizo ni saa 192, yaani saa 64 kwa kila karatasi. Hakuna muujiza hapo. Haba na haba hujaza kibaba.

Majuma kumi ya kwanza ni ya kujifunza na kufanya mifano. Manne yafuatayo ni ya mitihani iliyopita, kwa saa kamili. Mawili ya mwisho ni ya kurudia yale tu yaliyomshinda. Haifai kuanza somo jipya katika majuma hayo ya mwisho, kwa kuwa jambo lililosomwa kwa haraka huvuruga hata yale yaliyokwisha kukaa.

Ratiba hii haiwezi kusimama ikiwa watu wa nyumbani hawaijui. Yafaa mwanafunzi aketi na mkewe, au mke na mumewe, au kijana na wazazi wake, awaeleze kwamba kwa miezi minne saa fulani si yake. Wakijua mwisho wake ni lini, watamsaidia. Wasipojua, watamwona kuwa ni mtu aliyejitenga tu. Na kama hawezi kupata saa za kutosha kwa karatasi tatu, bora ajitayarishe kwa mbili na kuzipita, kuliko kulipia nne na kuzianguka.

MITIHANI YA MIAKA ILIYOPITA

Maswali ya zamani ni mwalimu mzuri sana, lakini ni mwalimu wa kuangaliwa. Sheria za kodi hubadilishwa mara kwa mara, na kila mwaka Bunge huletewa mswada wa fedha. Kodi ya ongezeko la thamani, kwa mfano, ilikuwa asilimia 16, ikashushwa hadi 14 kutoka tarehe 1 Aprili 2020, kisha ikarudi 16 tarehe 1 Januari 2021. Anayelikariri jibu la mwaka 2020 bila kufikiri atachukua kiwango kisichotumika tena.

Kanuni za hesabu nazo hubadilika. Kutoka tarehe 1 Januari 2019 kanuni ya kimataifa ya namba 16 humtaka aliyekodi jengo au mashine kwa muda mrefu kuonyesha katika mizania yake haki ya kukitumia kitu hicho pamoja na deni la kodi atakayolipa. Kabla ya hapo, kodi nyingi za namna hiyo zilihesabiwa kuwa gharama tu. Kitabu kilichochapishwa kabla ya mwaka huo, hata kikiwa kizuri namna gani, kitampoteza msomaji wake katika jambo hili. Basi, maswali ya zamani yafanywe, lakini kwa sheria na viwango vinavyotajwa katika maelekezo ya mtihani unaokuja.

Na yafanywe kama mtihani wenyewe: mlango umefungwa, simu imezimwa, saa iko mezani, kitabu kiko mbali. Ikiwa karatasi yenyewe hufanywa kwa kompyuta, mazoezi nayo yawe kwa kompyuta. Mtu asiyejaribu hata mara moja kuketi saa tatu mfululizo hawezi kujua uchovu humshika lini.

Lugha ya mtihani ni Kiingereza, na wako wanafunzi wanaoijua hesabu lakini wakapoteza alama kwa kutosoma neno la amri. Swali likitaka mambo yatajwe, orodha fupi yatosha. Likitaka yaelezwe, kila jambo lazima lipewe sababu yake. Likitaka mambo mawili yalinganishwe, mtu asieleze la kwanza lote kisha la pili lote, bali ayaweke ubavu kwa ubavu. Neno hilo lipigiwe mstari kabla kalamu haijaanza.

DAFTARI LA MAKOSA

Mhasibu ni mtu wa madaftari, na mwanafunzi yampasa awe na moja la makosa yake mwenyewe. Kila ukurasa ugawanywe katika safu tatu: kosa lenyewe, sababu yake, na dawa yake. Sababu huwa moja kati ya tatu. Ama hakujua, au alijua lakini hakusoma swali vizuri, au alisoma vizuri lakini akaharakisha. Dawa zake si moja. Asiyejua arudi katika kitabu. Asiyesoma vizuri ajizoeze kuzungushia duara kila tarehe na kila asilimia. Mwenye haraka apunguze kasi na kujumlisha mara mbili, kutoka juu kwenda chini na kutoka chini kwenda juu.

Baada ya majuma machache daftari hilo huonyesha jambo la ajabu: makosa ya mtu hayako mia, bali ni manne au matano yanayorudi kila mara. Kuyajua hayo ni bora kuliko kukisoma kitabu kizima mara ya pili.

WAUZAJI WA MASWALI

Siku za mtihani zikikaribia hutokea watu wasemao kwamba wameyapata maswali, nao huyauza kwa siri, siku hizi hasa kwa simu. Wengi wao ni matapeli. Huuza karatasi za zamani zilizobadilishwa tarehe, na mnunuzi hana mahali pa kwenda kushtaki. Lakini hata kama maswali yangekuwa ya kweli, kuyanunua ni hatari kubwa zaidi. Anayekamatwa katika udanganyifu wa mtihani aweza kufutiwa matokeo yake na kuzuiwa asifanye mitihani tena. Na kuna jambo zito kuliko adhabu. Kazi ya mhasibu yote ni uaminifu. Aliyeingia kwa mlango wa wizi atawezaje kusimama mbele ya watu na kusema kwamba fedha zao ziko salama?

SIKU YENYEWE

Usiku wa kuamkia mtihani si wa kukesha. Mwanafunzi aliyejitayarisha atayapitia makosa yake kwa saa moja, kisha atalala. Kitambulisho, karatasi ya kuingilia, kalamu mbili na mashine ya kuhesabia iliyoruhusiwa viwekwe pamoja tangu jioni. Anayetoka mbali afike mjini mapema, kwa maana gari likiharibika njiani watahini hawangoji. Ndani ya chumba aanze na swali analolijua, si lazima liwe la kwanza. Alama za mwanzo huutuliza moyo.

FAIDA YA TAABU HII

Huenda mtu akauliza kwa nini taabu yote hii, na hesabu siku hizi zafanywa na kompyuta. Jibu liko katika ile mashine ya kahawa. Siku moja imeharibika, na chama kimelipa Sh. 45,000 kuitengeneza. Karani ameziandika fedha hizo katika akaunti ya mashine, kana kwamba ni mali mpya, badala ya kuziandika katika gharama za matengenezo. Pande mbili za urari zitalingana bila tofauti ya hata senti moja, na kompyuta haitalalamika. Lakini gharama zimeonekana chache, na faida imeonekana kubwa kuliko ilivyo. Wanachama watafurahi, watagawana, na kumbe wamegawana fedha wasizopata. Mwaka wa pili au wa tatu mashine ikihitaji kununuliwa upya, sanduku litakuwa tupu, wala hakuna atakayeweza kumtaja mwizi, kwa kuwa hakuna aliyeiba.

Mtu wa kuliona kosa hilo ni yule ambaye mkono wake umezoea kuuliza kila shilingi, "Wewe ni mali au ni gharama?" Swali hilo halijibiwi kwa kukumbuka ukurasa wa kitabu. Hujibiwa kwa mazoea yaliyopatikana asubuhi baada ya asubuhi, kwa kalamu na karatasi, kabla watu wengine hawajaamka. Anayejitayarisha kwa njia hiyo atafaulu mtihani, na siku wakulima watakapomkabidhi daftari lao, atakuwa anastahili kulishika.